Kidari cha Baba Mkubwa

12 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani, nikipanda kutoka Usa River, viatu mkononi na begi la vitabu kichwani. Mama alinipokea mlangoni mwa jiko, akalipima begi kwa mkono mmoja, akasema, "Vitabu. Na sukari je?"

Sukari nilikuwa nimeisahau.

Chuo kimenipa likizo hadi Juni nimalizie kitabu changu kidogo cha historia kwa wanafunzi wa sekondari. Kinahusu Wakelti wa kale, watu waliokaa sehemu kubwa ya Ulaya kabla Warumi hawajawatawala, wakifuga ng'ombe, wakifua chuma, wakiishi katika nyumba za duara. Ningeweza kukiandikia mjini. Nimekuja huku mlimani kwa sababu haya ni masika ya mwisho ya Mama katika nyumba hii. Kifua chake hakiwezi tena baridi ya Juni, na mdogo wangu Eliamini amemjengea chumba kwake Njiro. Njia ikikauka atakuja na gari kumchukua.

Mama amekubali kwa sharti moja. Hatoki hapa mpaka shemeji yake, Baba Mkubwa Abdiel, aje ale nyama katika uwanja huu.

Baba Mkubwa anakaa ng'ambo ya mfereji. Nikisimama penye migomba namsikia akikohoa. Hajavuka mfereji ule kuja kwetu tangu siku ya harusi ya Eliamini, na mtoto wa kwanza wa ndoa hiyo sasa yuko kidato cha sita.

15 Machi

Mvua kutwa. Nimeandika ukurasa mmoja, nimeufuta.

18 Machi

Ninaandikia ndani ya jiko la Mama, lile la duara alilolijenga Baba, kwa kuwa ndipo penye joto. Sura ya makazi inakwenda vizuri zaidi hapa kuliko maktabani. Nimesoma kwamba wataalamu waliojaribu kujenga upya nyumba za Wakelti walidhani mwanzoni paa lilikuwa na tundu la kutolea moshi, kisha wakagundua kuwa tundu huvuta miali ya moto juu, na kwamba moshi hujipenyeza wenyewe katika nyasi. Niliinua macho. Paa la Mama halina tundu. Nimekulia chini yake na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Kabla ya kulala Mama hufukia makaa kwa majivu, na asubuhi huyafukua yakiwa bado mekundu. Zamani majirani walikuja kuomba moto hapa. Namkumbuka marehemu mke wa Baba Mkubwa akivuka mfereji na kigae chake chenye makaa, akitembea upande upande kuukinga upepo, sisi watoto tukimfuata tukipuliza. Sasa Baba Mkubwa ananunua viberiti.

Jioni nilimsomea Mama habari kwamba wakuu wa Wakelti walifuga masharubu marefu hata kinywaji kikapita humo kama kwenye chujio. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kama marehemu mchungaji wetu na uji," alisema.

24 Machi

Leo nimefika sura ya karamu, na kalamu imekwama.

Msafiri mmoja wa Kiyunani ameandika kwamba Wakelti walipokusanyika kula, paja la mnyama lilikuwa la shujaa kuliko wote. Mwingine akilidai, waliinuka wakapigana, hata kufa. Nikaandika: "Walikuwa watu wa majivuno na wa hasira za haraka." Nilipoisoma sentensi hiyo nilisikia sauti ya Eliamini akimsema Baba Mkubwa.

Yaliyotokea siku ile niliyaona kwa macho yangu. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Baba Mkubwa ndiye aliyekuwa baba wa bwana harusi. Katika ukoo wetu mnyama wa harusi hugawanywa kwa utaratibu: shingo ina mwenyewe, mbavu zina wenyewe, na kidari ni cha mkubwa wa nyumba. Lakini kamati ya harusi ilikodi ukumbi Usa River na mpishi kutoka mjini. Mbuzi aliingia mzima, amebanikwa, ana majani mdomoni, akizungushwa ukumbini kwa muziki. Kisha mpishi akamkatakata vipande vidogo, kila kipande akakichoma kijiti cha kuchokolea meno. Msema chochote akaita, "Mzee wetu apite mbele, afungue mdomo!" Baba Mkubwa akapita. Bibi harusi, Fransiska, akamlisha kipande kimoja. Akakitafuna, akampa mkono msema chochote, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Eliamini anasema mzee alikuwa anatafuta kisingizio tu; ugomvi wenyewe ni wa mpaka wa shamba la kahawa. Mama anasema Abdiel aliumia, basi, na hafafanui. Mimi nimeamini maelezo ya shamba kwa miaka mingi, labda kwa sababu yanafanana na maelezo ya vitabuni: chunguza ardhi, utapata sababu. Leo sina uhakika nayo.

31 Machi, Pasaka

Kanisani alikaa upande wa wanaume, koti lile lile la kahawia. Nje nilimwamkia.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba, Mwalimu. Mama yako anapumua vizuri?"

"Kidogo. Angependa kukuona."

"Ananiona. Si huyu hapa nimesimama?" Akamwinulia Mama kofia kutoka mbali, Mama naye akainamisha kichwa. Kisha akashika njia ya juu, ile inayozunguka, ili asipite uwanjani kwetu. Mvua ilikuwa imeanza, na njia ile ni ndefu.

6 Aprili

Nimeamua kutenda badala ya kutafakari. Nimeshuka Usa River, nimenunua buchani kidari kizima cha mbuzi, na nimekipeleka ng'ambo ya mfereji. Hakuwapo, nikauacha mfuko mlangoni pamoja na salamu zangu. Nilirudi nimefurahi. Nilijiambia kwamba deni la heshima hulipwa kwa kitu kile kile kilichokosekana.

7 Aprili

Mfuko umerudi. Ulikuwa umening'inizwa kwenye mti wa uzio wetu, nyama haijaguswa. Jirani aliyeuleta alikuwa na ujumbe, na aliufikisha kwa raha isiyofichika: "Mzee anasema mwambieni Mwalimu bucha anaifahamu."

Mama aliuangalia mfuko, akaniangalia mimi.

"Ulimpelekea kidari kwenye *rambo*?"

"Ndiyo, Mama."

"Chuo chote kile," alisema, akauweka mchuzi motoni. Tumekila sisi. Kilikuwa kigumu.

9 Aprili

Mvua. Mfereji umefurika, ubao wa kuvukia umechukuliwa na maji.

14 Aprili

Wameweka ubao mwingine. Nimevuka kwenda kuomba radhi. Nayaandika mazungumzo haya yote kabla sijaanza kuyatafsiri.

Alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi ya mbegu.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba. Leo hukuja na mfuko?"

"Mikono mitupu."

"Afadhali. Kaa, nisaidie."

Tukapukuchua. Nikasema, "Nimekuja kuomba radhi kwa nyama ile."

"Nyama ilikuwa nzuri, niliitazama. Kidari cha mbuzi wa nani?"

"Wa bucha."

"Ndiyo. Na shingo yake alikula nani? Na mbavu? Hujui. Nitakulaje kidari cha mbuzi ambaye shingo yake imeliwa Usa River na dereva wa lori?"

Aliendelea na mahindi. Baada ya muda akauliza, "Nasikia unaandika habari za Wazungu wa kale. Wao waligawaje?"

Nikamweleza habari ya paja. Akaacha kupukuchua.

"Wakapigana?"

"Msafiri mmoja ameandika hivyo. Huenda alitia chumvi."

"Mpaka kufa? Kwa paja?"

"Kwa paja, Baba Mkubwa."

Alicheka mpaka gunzi likamponyoka. "Mimi niliondoka tu," alisema. "Liandike hilo kitabuni mwako. Abdiel aliondoka tu." Kisha uso wake ukatulia. "Sikiliza, mwanangu. Mnadhani nilitaka nyama. Meno yenyewe hata siku ile yalikuwa yameanza kuniaga. Mkubwa wa nyumba akipewa kidari, ndipo anaposimama kuwaombea maharusi. Asiyepewa hana pa kusimamia. Atasimama kama nani? Baba yenu alipokuwa kitandani aliniambia, huyu kijana utamsemea wewe. Nikayatafuta maneno. Nilikuwa nayasema shambani peke yangu, nikipalilia kahawa, nisije nikakosea mbele za watu. Nikaja nayo ukumbini. Nikapewa kijiti."

"Na maneno yako wapi sasa?"

"Ninayo. Nitayapeleka wapi?"

Niliuliza kama Mama angemwita yeye mwenyewe. Akatikisa kichwa.

"Mama yako hakunikosea. Aliyeoa nani? Wewe? Mama yako? Aliyeoa aje, na mbuzi wake akiwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe, nimwone yuko mzima. Hapo nitavuka."

15 Aprili

Nimefuta ile sentensi ya majivuno. Bado sijui niandike nini mahali pake. Huenda paja lile nalo lilikuwa na kazi ambayo msafiri hakuelezwa. Alikuwa mgeni, aliona watu wakigombea nyama, akaandika nyama. Lakini ni hatari kumfanya Baba Mkubwa kuwa ufunguo wa watu waliokufa mbali hivyo. Na yeye je, alilolisema jana ndilo lililomwondoa ukumbini, au ni sababu aliyoikuta baadaye, katika miaka ya kupita njia ya juu? Pengine yeye mwenyewe hawezi tena kuzitenganisha.

17 Aprili

Nimempigia Eliamini simu.

"Dada, mimi nina wateja," alisema. Anakarabati magari ya watalii. "Nivute mbuzi kwa kamba kwenye tope, watu wote wa kijiji wananitazama, kwa sababu ya kipande cha nyama cha enzi zile?"

"Si nyama."

"Ni nini?"

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kama mtu anayefundisha. Akasema atakuja mwezi wa tano na gari, Mama aingie, basi. Mzee akitaka kuja kuaga, mlango uko wazi.

26 Aprili

Mama ni mgonjwa kweli. Kifua kimembana tangu jana, midomo imebadilika rangi. Gari halipandi, njia imekatwa pale kwenye shule. Muuguzi wa zahanati amepanda kwa miguu, amemchoma sindano, amesema asikae mahali pa unyevu. Nyumba yote ni unyevu. Nguo zilizo kabatini zinanuka uyoga.

Nilimsihi. "Mama, tutakubeba mpaka barabarani. Eliamini atakusubiri hapo chini. Baba Mkubwa ataelewa."

Alisubiri mpaka pumzi ikatosha. "Nimeolewa hapa nikiwa binti," alisema. "Siku niliyoingia, Abdiel ndiye aliyesimama na kidari, kwa kuwa babu yenu alikuwa mahututi. Alikuwa kijana. Alitetemeka, akasahau nusu ya maneno. Nami nikaikaa nyumba hii kwa hiyo nusu. Nitoke amekaa ng'ambo kama mgeni? Nitakufa hapa kwanza."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilikaa nikichochea moto. Kwa mara ya kwanza masika haya nilimwogopa, na nikaogopa kwa ajili yake.

27 Aprili

Wifi Fransiska amefika peke yake, amepita pale njia ilipokatika akiwa amekunja sketi, ana dawa na kilo za sukari. Nilikuwa nikimhesabu miongoni mwa watu wa kamati, wale wa ukumbi na muziki. Ameketi kitandani kwa Mama, akamsugua mgongo, akauliza kwa nini hataki kushuka. Mama akamwambia. Yeye hakuwa ameambiwa lolote, si siku ile wala baadaye.

"Ina maana," alisema taratibu, "mimi nimekaa kwenye ndoa muda wote huu, na hakuna aliyesimama?"

"Mchungaji alisimama," nilisema.

"Mchungaji ni wa wote, wifi. Kwetu Kibosho mkubwa wa nyumba akikosa sehemu yake, bibi harusi havuki mlango. Mimi nilimlisha kwa kijiti! Mkono huu!" Akautazama mkono. Kisha akatoka nje, akasimama kwenye mvua penye mtandao, na nikamsikia kupitia ukuta wa jiko akimpigia mumewe: "Baba Dismasi. Hapana, nisikilize wewe. Mbuzi. Mzima. Hapana, si kilo, *mbuzi*."

30 Aprili

Mama amekula uji. Mvua imepungua.

11 Mei

Wameacha gari shuleni. Tuliwaona wakija kwa mbali kati ya mibuni, Eliamini mbele akivuta kamba, mbuzi hataki, Fransiska nyuma akimsukuma. Viatu vya Eliamini vilibaki kwenye tope mara mbili. Watoto wa majirani walifuata wakimshangilia mbuzi. Hawakusimama kwetu. Walipita uwanjani moja kwa moja mpaka kwenye mfereji, wakavuka ubao mmoja mmoja, mbuzi akiwa begani.

Nilibaki upande huu na Mama, amefungwa blanketi mbili. Hatukusikia walilosema. Tuliona Eliamini akipiga goti kwenye majani mabichi. Tuliona Baba Mkubwa akimkagua mbuzi: meno, masikio, kwato. Mama akanong'ona, "Akimkataa mbuzi huyu nitavuka mimi nikampige." Kisha Baba Mkubwa akaingia ndani, na akakaa humo muda mrefu sana. Alipotoka alikuwa amevaa lile koti la kahawia na tai.

Alivuka. Ubaoni alisita, Fransiska akampa mkono ule ule.

Mbuzi alipokwisha kuchinjwa uwanjani kwetu, aligawa mwenyewe, juu ya majani ya migomba, akimwita kila mtu kwa jina lake na sehemu yake. Hakuharakisha. Shingo ilikwenda kwa watu wa upande wa Mama, na kwa kuwa hawapo, aliitaja na kuiweka kando, jirani awapelekee. Alimtaja Baba pia. Eliamini akakichukua kidari kwa mikono miwili, akampa. Nilikuwa nimefungua daftari langu la kazi. Baba Mkubwa akaniona.

"Mwalimu. Weka kalamu."

Nikaiweka.

Akasimama. "Leo," alisema, "mimi Abdiel nimekuja harusini. Bibi harusi yuko wapi?"

Fransiska, mwenye mvi upande mmoja na tope mpaka magotini, akasogea akiwa ameinamisha uso kama msichana. Eliamini alisimama karibu naye, peku. Mama akafunika mdomo kwa blanketi.

Yaliyofuata sitayaandika. Nimesoma kwamba makuhani wa Wakelti walijifunza yaliyo matakatifu kwa moyo, miaka na miaka, na hawakukubali yaandikwe. Katika sura yangu nimelieleza jambo hilo kama hasara kwa historia. Ni hasara kweli. Lakini nilikuwepo, niliyasikia, na hayakusemwa kwangu. Nitaandika tu kwamba hakukosea hata neno moja, na kwamba Eliamini alilia wazi wazi mbele ya watoto wa majirani.

Baadaye Baba Mkubwa alimpa Mama kile kidari akikate, kwa kuwa meno yake hayakiwezi. Wakala vipande vidogo vidogo, wakipeana.

12 Mei

Jua. Tumelala wote mpaka asubuhi.

1 Juni

Njia imekauka. Mama ameondoka leo. Amefunga sufuria zake kwa khanga, akaacha mbili "za mtu atakayekuja". Alilizunguka jiko kwa nje, akigusa ukuta kwa kiganja. Nilitarajia machozi, yalikuwa yangu tu.

Jiko lilikuwa bado na moto. Nilichukua ndoo nikaumwagie maji, kama mtu mwenye busara anayefunga nyumba. Baba Mkubwa, aliyekuja kuaga, akanishika mkono.

"Unaua nini?"

Akainama, akachagua kijinga kilichoshika vizuri, akakipuliza. Kisha akatoka nacho, akavuka mfereji akitembea upande upande kuukinga upepo. Mama alimtazama kutoka dirishani mwa gari mpaka alipoingia kwake. Hapo ndipo alipomwambia Eliamini awashe.

8 Juni

Nimebaki kumalizia sura ya mwisho. Kuhusu paja nimeandika: "Tunaambiwa walipigana kwa ajili yake. Hatujaambiwa aliyelipata alipaswa kufanya nini baada ya hapo." Mhariri atasema sentensi hiyo haina hitimisho. Atakuwa sahihi.

Jiko la Mama limepoa. Usiku nalala na soksi. Jioni hii amepiga simu kutoka Njiro, sauti imefunguka, analalamika kwamba maji ya huko yana ladha ya bomba.

"Toka nje," alisema. "Moshi wa Abdiel unauona?"

Nikatoka. Ulikuwa ukipanda juu ya migomba yake, mweupe, mzito.

"Nauona, Mama."

"Mweupe au wa bluu?"

"Mweupe."

"Ametia ukuni mbichi wa mgrevilea," alisema. "Vuka umwambie autoe. Moto ule haujazoea."

Nimeweka kalamu. Navuka.